Datsun 240Z inavuja oili ya giaboksi hata baada ya sili mpya: chanzo kiko wapi?

SWALI: Nina Datsun 240Z ya 1972, usukani wa kulia, gia tano. Niko Nakuru. Kila asubuhi nakuta doa la oili chini ya giaboksi, upana wa kisahani cha chai. Fundi amebadilisha sili ya nyuma mara mbili ndani ya miezi sita na bado inavuja. Wiki hizi klachi nayo imeanza kuteleza nikipanda mlima kwa gia ya nne. Fundi anataka kuifungua giaboksi yote. Nimruhusu? Na ninunue vifaa gani?

JIBU: Ndugu yangu, usimruhusu bado. Giaboksi hufunguliwa hadi gia zikalala mezani ikiwa inalia, inaruka gia au inasaga unapoingiza gia. Wewe umeeleza uvujaji tu, na oili ya giaboksi hii hutokea kwenye sehemu chache zinazojulikana, karibu zote zikifikika bila kugusa gia hata moja. Sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke) iliyoharibika mara mbili ndani ya miezi sita haikuharibika kwa uzee. Ama kuna kitu kinachoiua, ama oili haikuwa ikitoka hapo tangu mwanzo. Klachi kuteleza ni jambo la pili, la upande wa mbele, na sili ya nyuma haihusiki nalo hata kidogo. Inawezekana kabisa una uvujaji wa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

240Z ndizo zilizoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, zikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Chuma cha gari hili kinavumilia barabara zetu. Kinachochoka ni mpira, na mpira wa sili huliwa na vumbi, joto, mtikisiko na presha. Hayo manne yakae akilini unapotafuta chanzo.

Kwanza ijue giaboksi uliyo nayo

Gari la 1972 kwa kawaida lina giaboksi aina ya B, ile ya familia ya 71B, lakini ndani ya miaka zaidi ya hamsini huenda imeshabadilishwa, kwa hiyo itazame kwa macho. Aina ya B ina vipande vitatu: kasha la mbele ambalo limemwagwa pamoja na nyumba ya klachi kama kipande kimoja, bamba nene la katikati, na mkia, yaani kasha la nyuma. Ukiona mistari miwili ya maungio inayozunguka mwili wa giaboksi, mmoja mbele ya lile bamba na mwingine nyuma yake, unayo aina ya B. Hii ni habari njema kwako, kwa sababu familia hiyo ya giaboksi iliendelea kutumika katika magari mengi ya Nissan, yakiwemo pikapu za Datsun 720. Muuza vipuri atakayekuambia hajawahi kusikia 240Z huenda ana sili zinazokufaa kwenye rafu yake.

Oili gani hiyo inayodondoka?

Weka kipande cha katoni cheupe chini ya gari usiku kucha, kuanzia nyuma ya sampo ya injini (bakuli la oili la chini) hadi mwisho wa mkia wa giaboksi, na uweke alama ya kalamu mahali magurudumu ya mbele yalipo. Asubuhi uguse na unuse. Oili ya gia ni nzito, inanata vidoleni, na ina harufu kali ya salfa inayokaribia ile ya yai viza. Oili ya injini ni nyepesi zaidi, nyeusi, na hunuka moshi. Mafuta ya breki na klachi ni mepesi kama maji, hayana weusi isipokuwa ya uchafu, na hubabua rangi ya gari. Haya ya mwisho yakionekana, chunguza silinda ndogo ya klachi iliyofungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi: funua mpira wake wa vumbi taratibu, ukikuta umajimaji ndani, silinda hiyo imekwisha.

Usidharau hatua hii. Gari likiwa mwendoni, upepo husukuma oili kutoka mbele kwenda nyuma. Oili ya injini inayotoka kwenye kifuniko cha vali au kwenye kitako cha distribyuta hutambaa ubavuni mwa bloku, ikapita chini ya giaboksi, na kuning'inia kwenye ncha ya mkia ambako ndiko chini zaidi. Fundi akitazama hapo anaona mkia umelowa na anaagiza sili ya nyuma. Sili nzima hutolewa, nyingine huwekwa, na doa linabaki palepale.

Kuosha, kukausha, kupaka poda

Pandisha gari pande zote nne kwenye stendi za jeki, juu ya sakafu ngumu. Jeki peke yake isiaminiwe na mtu aliye chini ya gari. Osha giaboksi yote, nyuma ya sampo, na mbele ya propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) kwa dawa ya kuondoa grisi na brashi ya nailoni, suuza, kisha kausha kwa upepo wa kompresa. Ikishakauka kabisa, nyunyiza poda ya watoto kila mahali, hasa kwenye maungio. Endesha kilomita 15 hadi 20 hadi giaboksi ipate moto, rudisha juu ya stendi mara moja, na uingie chini na tochi. Oili itakuwa imechora njia yake kwenye poda. Ifuate njia hiyo kwenda juu na kwenda mbele hadi mahali inapoanzia. Penye unyevu wa juu kabisa na wa mbele kabisa ndipo chanzo kilipo.

Usiangalie baada ya siku tatu. Baada ya siku tatu kila kitu kitakuwa kimelowa na poda haitakuambia lolote.

Kipumulio, sehemu inayosahaulika

Juu ya mkia wa giaboksi kuna kipumulio, kikofia kidogo cha chuma ambacho huwezi kukiona ukiwa umelala chini. Kazi yake ni kuacha hewa itoke giaboksi inapopata moto na iingie inapopoa. Ukiendesha kwenye vumbi, vumbi hilo hushikana na ukungu wa oili na kuwa udongo mgumu unaokiziba. Hewa ya ndani ikipanuka bila pa kutokea, hutafuta sili iliyo dhaifu zaidi na kuisukuma oili nje kupitia mdomo wake. Ukiweka sili mpya huku kipumulio kimeziba, unakuwa umeongeza siku chache tu.

Dalili yake ni hii: gari linavuja zaidi baada ya safari ndefu kuliko baada ya safari fupi, na ukifungua plagi ya kujazia giaboksi ikiwa ya moto unasikia pumzi ikitoka kwa mfyonzo au mlio mdogo. Kisafishe kwa petroli na waya mwembamba hadi kikofia kicheze kwa ukucha na hewa ipite pande zote mbili. Ningeanzia hapa hata kama poda imeonyesha kitu kingine, kwa kuwa hakigharimu chochote.

Sili ya nyuma na kinachoiua

Tuseme poda imethibitisha kuwa oili inatoka kweli pale yoki ya propela (kichwa chake cha mbele) inapoingia kwenye mkia. Kabla ya kutoa chochote, shika yoki kwa mkono, isukume juu na chini, kushoto na kulia. Ndani ya mkia kuna bushi inayoibeba yoki hiyo. Bushi ikilika, yoki hucheza, na mdomo wa sili hauwezi kuifuata shafti inayoyumba. Mchezo mdogo sana usiohisika vizuri kwa mkono ni wa kawaida. Ukisikia inagonga, bushi imekwisha, na hapo ndipo sili zako mbili zilipokwenda.

Kisha chomoa propela. Tia alama ya rangi kwenye flanji ya difu (sanduku la gia la ekseli ya nyuma) na ya propela ili zirudi zilivyokuwa, fungua boliti nne za nyuma, shusha, vuta yoki itoke kwenye mkia. Weka karai chini kwanza, kwa sababu oili hutoka hapo hasa kama mkia umeinama. Ifute yoki na upitishe ukucha juu ya sehemu inayopakana na sili. Mng'aro wa mviringo si kitu. Mfereji unaonasa ukucha ndio tatizo: mpira mpya utakaa juu ya mfereji wa zamani na utavuja tangu siku ya kwanza. Una njia tatu. Kutafuta yoki nzuri ndiyo bora. Kuvalisha mkono mwembamba wa chuma cha pua uliotengenezwa kwa kazi hiyo ni ya pili, na ni nzuri. Ya tatu ni kuipiga sili isizame hadi mwisho, ikabaki nje milimita 1 hadi 2, ili mdomo wake uangukie penye chuma kizima. Inafaa mradi sili bado imeshikwa vizuri na kasha lake. Kutu nyepesi isuguliwe kwa msasa laini wa namba 600 kwa kuzunguka yoki, kamwe si kwa urefu wake, maana mikwaruzo ya urefu huwa mifereji ya kupitishia oili.

Sili ya zamani ing'olewe kwa ndoano au kwa bisibisi pana iliyozungushiwa kitambaa. Ukichimba alumini ya mkia, umefungua njia ya oili kupita nje ya sili. Mpya ipakwe grisi mdomoni, ipakwe utando mwembamba wa silanti kwenye ukingo wake wa nje ikiwa ukingo huo ni wa chuma kitupu, na ipigwe kwa bomba au soketi yenye upana karibu sawa nayo, kwa mapigo madogo, iingie ikiwa sawa pande zote. Sili iliyoingia upande imekwisha kabla haijafanya kazi. Upande wenye springi ndogo unatazama ndani, kwenye oili.

Kama bushi imelika, mkia lazima utoke na bushi mpya iingizwe. Fundi mkerezaji mzuri anaweza kukata bushi ya shaba kwa kipimo cha yoki yako, lakini mpelekee mkia na yoki vyote viwili. Asipime kwa kukisia. Aiache na tundu la kupitishia oili mahali palepale lilipokuwa kwenye ile ya zamani, la sivyo itakauka na kuliwa upya.

Kuna muuaji mwingine asiyeonekana: mpira wa nyuma unaobeba giaboksi kwenye krosmemba, ile boriti ya chuma inayopita chini yake. Ukikatika, mkia hushuka, pembe ya propela inabadilika, na mtikisiko wote unaishia kwenye bushi na sili. Weka jeki na kipande cha ubao chini ya giaboksi, inua kidogo. Mpira ukifunguka kama kinywa, ununue mwingine.

Sehemu ndogo za mkia

Kipinioni cha spidomita kimefungwa ubavuni mwa mkia kwa boliti moja na kibamba. Kina oringi kwa nje na sili ndogo kwa ndani inayozunguka kishafti chake. Oringi ikikauka, oili inatiririka kwa nje na kudondokea palepale chini ya sili ya nyuma. Huenda hii ndiyo iliyomdanganya fundi wako. Ile sili ndogo ya ndani ikifa, oili hupanda ndani ya kebo, na wako wengine huikuta imefika nyuma ya saa ya spidi kwenye dashibodi. Fungua kebo, uone kama imelowa ndani. Kabla ya kuchomoa kipinioni, chora mstari wa rangi unaovuka kipande hicho na kasha ili kirudi katika pembe ileile, maana mkono wake haukutobolewa katikati kabisa, na ukiugeuza, meno hayakutani vizuri. Badilisha oringi na sili ndogo kwa pamoja.

Fimbo ya gia, ile inayotoka nyuma ya mkia kwenda kwenye kitako cha lever, nayo ina oringi na sili yake. Ikivuja, utaona unyevu juu ya mkia chini ya lever, ukishuka pande zote. Swichi ya taa za rivasi ni rahisi zaidi: ifungue, safisha uzi, weka washa (pete ya kuziba) mpya au silanti ya uzi, uifunge kwa nguvu ya kiasi.

Plagi za kumwagia na kujazia huponza wengi. Uzi wake umechongoka, na unaziba kwa kubanana, hauhitaji washa. Mtu akiona unyevu anaibana kwa nguvu zaidi, alumini inapasuka kwa ufa mwembamba kama unywele, na hapo uvujaji mdogo unakuwa mkubwa. Safisha uzi, paka silanti ya uzi, bana hadi Nm 25 au 30 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), uishie hapo.

Sasa hiyo klachi

Klachi inayoteleza kwa gia ya nne kwenye mlima inaweza kuwa imelika tu. Lakini ukiwa na uvujaji, jambo la kwanza kushuku ni oili kwenye diski. Hapa kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa nje, kwa sababu vyote vinadondokea chini ya nyumba ya klachi: sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), na sili ya kifuniko cha mbele cha giaboksi, inayozunguka shafti inayoingia kwenye klachi. Harufu uliyojifunza kwenye katoni ndiyo itakayokutofautishia. Giaboksi lazima ishuke kwa hali yoyote, na ikishashuka jibu liko wazi. Flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki) ikiwa imelowa upande wake wa injini na nyuma ya bloku kuna utelezi, ni sili ya krenki au sili za pembeni za kikombe cha beringi ya mwisho. Ukikuta oili imeshuka kutoka kwenye kifuniko cha mbele, ikafuata kitako cha uma wa klachi na kutuama chini ya nyumba ya klachi, ni giaboksi.

Kushusha giaboksi ni kazi ya siku moja kwa watu wawili wasio na haraka. Ondoa waya wa betri wa hasi kabla ya yote, kwa kuwa utagusa stata. Fungua plagi ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga oili yote kisha ukakuta plagi ya kujazia imegoma, gari limelala. Mwagia oili kwenye chombo chenye vipimo, uone ni kiasi gani kilichokuwamo. Giaboksi hii ya gia tano huchukua karibu lita 2. Ikitoka lita moja, umekuwa ukiendesha na beringi zenye kiu, na unapaswa kusikiliza kelele kwa makini zaidi baadaye. Angalia pia mashapo: tope laini la kijivu ni la kawaida, chembe zinazong'aa rangi ya dhahabu ni ringi za sinkro (zinazolainisha uingizaji wa gia) zinazolika, na vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ndivyo pekee vinavyompa fundi wako haki ya kuifungua yote.

Ndani ya gari toa konsoli, mpira wa lever, na kipini kinachoishika lever kwenye fimbo. Chini, toa propela, kebo ya spidomita, nyaya za swichi ya rivasi, na bomba la mbele la egzosi kama linakuzuia. Silinda ndogo ya klachi ifunguliwe boliti zake mbili na kufungwa kando kwa waya bila kukata hosi yake. Hapo hutahitaji kutoa hewa baadaye. Usikanyage pedali tangu hapo. Toa stata. Weka jeki ya kwanza chini ya sampo na ubao mpana katikati, ya pili chini ya giaboksi, kisha ondoa krosmemba na ushushe mkia kidogo. Boliti za juu za nyumba ya klachi zinafikiwa kwa mkono mrefu wa rachi kutokea nyuma, juu ya mkia ulioinama. Vuta giaboksi kwa kunyoosha nyuma hadi shafti iachane kabisa na diski. Uzito wake usining'inie kwenye shafti hata kwa dakika moja, unapinda kitovu cha diski.

Kifuniko cha mbele kinaonekana baada ya kutoa uma na beringi ya klachi. Fungua boliti zake na ukivute polepole ukiwa umeweka mkono chini, kwani nyuma yake kuna shimu nyembamba (kibamba cha kujaza nafasi) ya beringi ya shafti ya chini, na mara nyingi imeganda kwenye kifuniko kwa oili. Ikianguka bila wewe kuiona na usiirudishe, shafti itatembea mbele na nyuma, na giaboksi iliyokuwa nzima itaanza kulia. Ikabidhi shimu hiyo kwenye bahasha, andika juu yake.

Kwangua gasketi ya zamani kwa kipande cha plastiki ngumu. Msumeno, patasi na diski ya waya havifai kwenye alumini. Piga sili mpya, zungushia meno ya shafti utepe mwembamba ili yasikate mdomo wa sili unapopitisha kifuniko, rudisha shimu, weka gasketi mpya. Boliti za kifuniko hiki zipakwe silanti kwenye uzi, kwa sababu matundu yake yanaweza kufika ndani penye oili, na oili hupanda kwa uzi wa boliti. Watu wengi hubadilisha sili na gasketi, wakasahau boliti, na wakashusha giaboksi mara ya pili. Zibane kwa zamu, kwa mkingamo, hadi karibu Nm 18.

Mungio wa bamba la katikati hauna gasketi ya karatasi, unazibwa kwa silanti ya kupaka. Poda ikionyesha unyevu hapo, jaribu kwanza kubana boliti za kasha kwa kipimo, kwani mtikisiko wa barabara mbovu huzilegeza. Usiachanishe vipande hivyo kwa ajili ya unyevu usiodondoka.

Ukiwa umeshafika hapo, badilisha sili ya krenki hata kama ni kavu. Ni kipande cha bei ndogo kilichojificha nyuma ya kazi ya siku nzima. Diski iliyolowa oili isioshwe kwa petroli ikarudishwa. Oili imeshaingia ndani ya kitambaa chake na itatoka tena ikipata moto. Diski ya 240Z ina kipenyo cha mm 225. Ukinunua seti nzima ya klachi, linganisha urefu wa kola inayobeba beringi ya klachi: kola hizi ziko za urefu tofauti, na kila presha pleti ina ya kwake. Ukichanganya, klachi ama haitaachia ama itateleza hata ikiwa mpya kabisa. Badilisha pia bushi ndogo ya shaba katikati ya krenki, na upange diski kwa kifaa cha kupangia kabla ya kubana presha pleti. Boliti nene za nyumba ya klachi wakati wa kurudisha, Nm 45 zinatosha. Giaboksi isivutwe kwa boliti. Ikigoma kuingia sentimita mbili za mwisho, diski haikukaa katikati.

Oili ya kuweka

Hapa naomba unisikilize vizuri. Ukiingia dukani ukaomba "oili tisini", mara nyingi utapewa oili ya daraja la GL-5, ya difu. Difu yako inaihitaji. Giaboksi yako haiitaki. Viongezeo vya salfa na fosforasi vya GL-5 vya kawaida ni vikali kwa sehemu za shaba, na utelezi wake hufanya sinkro zishindwe kushika, hivyo gia zinaanza kukwaruza. Tafuta chupa iliyoandikwa GL-4, 75W-90 au 80W-90. Nunua lita 3, utumie utakachohitaji.

Oili nzito ya 140 kwa nia ya kupunguza uvujaji ni kujidanganya. Asubuhi za baridi za Nakuru gia ya pili haitaingia hadi umetembea kilomita kadhaa, na oili nzito hiyo ikipata moto itavuja vilevile. Dawa za chupa za kuziba uvujaji nazo hufanya kazi kwa kuvimbisha mpira. Sili huvimba, kisha hulainika, kisha huharibika kabisa.

Gari likiwa limekaa sawa, si limeinuliwa mbele tu, jaza kwa hosi na faneli kutokea tundu la lever au chumba cha injini hadi oili ianze kuchuruzika kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Iache ichuruzike hadi ikome, kisha funga. Ukijaza gari likiwa limeinama utazidisha, na kilichozidi kitatokea kwenye kipumulio na kukufanya uamini umeshindwa.

Cha kununua, kwa mpangilio

Safisha kipumulio na ufanye kipimo cha poda kabla ya kutoa senti. Baada ya hapo, kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani utahitaji sili ya nyuma ya giaboksi, oringi na sili ya kipinioni cha spidomita, oringi na sili ya fimbo ya gia, sili na gasketi ya kifuniko cha mbele, sili ya krenki, seti ya klachi ya mm 225 na bushi ya krenki, mpira wa krosmemba, tyubu moja ya silanti isiyoyeyushwa na oili, na nati mpya za kujikaza za flanji ya propela. Chukua sili za zamani mkononi. Usoni zina namba tatu: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje na unene, na kwa namba hizo maduka ya beringi na sili ya Kirinyaga Road, Nairobi, yatakupa hata kama hakuna anayejua gari. Chagua zenye mdomo wa pili wa kuzuia vumbi kwa mkia. Kwa barabara zetu mdomo huo una faida. Oringi ziwe za mpira unaostahimili oili, zile nyeusi za nitrili, si za bomba la maji.

Muulize pia fundi wako swali moja kabla hajaanza: alipobadilisha sili ile mara mbili, je, alipitisha ukucha kwenye yoki na kuitikisa kwenye bushi? Kama hakufanya hivyo, huenda giaboksi yako haina kosa lolote zaidi ya bushi.

Kazi ikiisha, endesha kilomita 100 bila kupita kasi ya kawaida, pandisha gari, futa, kagua kiwango cha oili, na ukaze tena boliti nne za propela na za krosmemba. Unyevu mdogo kwenye mdomo wa sili mpya katika siku za kwanza ni wa kuzoeana kwa mpira na chuma. Likidondoka tone, rudi kwenye poda na tochi, uanze upya kuanzia juu.